Mrushaji Mmoja Anatosha

Kwa Meneja Mkuu,
Klabu ya Fahali wa Toledo,
Toledo, Ohio.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na ikiwezekana ukiwa umeketi. Mimi ni Leonard Kuczmarski, mstaafu wa kiwanda cha vioo, shabiki wa Fahali tangu enzi ambazo uwanja wetu haukuwa na choo cha maana. Sijawahi kukuandikia. Hata msimu ule tuliofungwa mechi zote nilinyamaza, nikasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini hili ulilolifanya mwezi wa nne siwezi kumsingizia Mungu.

Ijumaa ile ya timu za mpira wa Kimarekani kugawana kwa zamu vijana wa vyuo, tulikusanyika gerejini kwangu, televisheni juu ya meza ya useremala na soseji kwenye jiko la mkaa. Mrushaji wa kuwarushia wenzake mpira tunaye, Cody Brandvold, mkono wake kama manati na umri wake bado mbichi. Tatizo ni walinzi wanaosimama mbele yake. Wale si walinzi, ni mapazia. Kila Jumapili anabwagwa chini kama gunia la viazi. Kwa hiyo zamu yetu ya pili ilipofika, kila mtu gerejini alijua tunachukua mlinzi, na alikuwepo mmoja wa Nebraska, mpana kama friji, hajaguswa na timu yoyote. Ukatangaza jina la Marcus Tillery. Mrushaji! Wa akiba! Kijana wa kukaa benchi na kuwashikia wenzake chupa za maji.

Jirani yangu Vern aliangusha soseji. Aliyepiga makofi ni mmoja tu, Darlene, dada wa mke wangu.

“Shemeji,” akaniambia, “gari lisilo na tairi la akiba ni jeneza lenye usukani.”

“Tairi la akiba halinunuliwi kwa bei ya injini, Darlene!”

“Haya. Tutakupungia mkono tukikupita kando ya barabara.”

Sasa, kwa heshima zote, yapokee malalamiko yangu.

1. Umemvunja moyo Brandvold. Kumweka Tillery nyuma yake ni sawa na kwenda kumjulia hali mgonjwa ukiwa umeongozana na seremala wa majeneza, halafu seremala mwenyewe anatoa futi ya kupimia.

2. Umeleta maradhi ya akiba mjini. Parokia yetu imeletewa padre msaidizi, na chanzo ni wewe, hakuna atakayenibadilisha mawazo. Huyu msaidizi anahubiri kwa ufupi na kwa vichekesho. Matokeo yake, waumini watu wazima, wenye rozari mikononi, wameanza kumwombea Padre Stanislaus apate mafua.

3. Duane, nahodha wa timu yetu ya kuangusha pini kwa tufe, naye amesajili mtu wa akiba. Nikamuuliza, akiba ya nani? Akatazama dari. Ndugu Meneja, ukiniondoa mimi, wachezaji wengine wote wa timu ile ni wadogo zake wa tumbo moja.

4. Hili ni zito, nisamehe mwandiko. Majira ya kuchipua kifua changu kilinibana, nikalazwa, nikarudi. Yakaisha. Juzi nimeshuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, nikamkuta mke wangu Bernadette akimwonyesha Vern namna ya kuwasha tanuri la kupashia nyumba joto. Tanuri langu, lenye ukaidi wake ninaoujua mimi.

“Bernie, kulikoni?”

“Hakuna kitu, mzee. Ikitokea tu.”

“Ikitokea nini?”

“Ikitokea tu, Len.” Akanifunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Vern alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilipanda juu nikakaa jikoni, nikakuchukia wewe, kwa sababu hao wawili siwezi kuwachukia.

Kwa hiyo naomba, kwanza, Tillery auzwe upesi. Pili, Brandvold aombwe radhi hadharani. Tatu, kama unaamini kweli kwamba akiba ni busara, anza na kiti chako: mwombe mwenye timu amchague meneja mkuu wa pili, mchanga, mwenye njaa, akae nyuma yako katika kila mkutano akiandika. Kazi hiyo niko tayari kuifanya mimi. Uzoefu wa kuifokea televisheni ninao, na wewe ndiye uliyenipa.

Nisalimie mkeo, makocha, mama anayeuza maandazi ya chumvi lango la mashariki, na yule mlinzi wa Nebraska, ambaye sasa anawalinda mahasimu wetu vizuri sana.

Ni mimi, mtiifu kwako kwa kiasi kilichobaki,
Leonard Kuczmarski

N.B. Barua hii imechelewa kwa sababu Bernadette alikataa kunipa stempu, akisema nipoe kwanza. Nikiwa bado sijapoa, Jumapili iliyopita Brandvold akabwagwa, mfupa wa bega ukavunjika. Tillery akaingia, helmeti ikimcheza kichwani. Mpira wake wa kwanza ukaenda kwa wapiga picha. Wa pili ukaruka uwanja mzima, ukatua kifuani mwa mwenzetu kama mtoto anayerudishwa kwa mamaye. Tumeshinda, nimelia mbele za watu, na jezi ya Tillery nimeivaa hadi kanisani. Malalamiko yote hapo juu yafute. Ila nina moja jipya, na hili silisemi kwa upole: kijana huyu akiumia, nyuma yake yuko nani? Hakuna mtu! Mmelala huko ofisini? Mwakani, zamu ya kwanza kabisa, nataka mrushaji. Walinzi tutawaokota popote.