Masufuria ya Msikiti na Tairi Zenye Meno

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimeitwa na Bi Twaiba. Mtu haitwi na Bi Twaiba ili apewe hongera.

Yeye ndiye mtunza vyombo vya shughuli vya msikiti wetu hapa Msambweni: masufuria manne makubwa ya pilau, mikeka, sahani, turubai. Mimi ndiye ninayevibeba kwa pikapu yangu ndogo, mwaka wa sita sasa, kila arusi na kila hitima. Malipo ni petroli na ukoko. Ukoko wote wa sufuria kubwa, ule mwekundu wenye mafuta, unakwanguliwa na kutengewa dereva mbele ya watu. Kuna wakubwa wa ofisi za Matuga ambao hawajapata kutengewa ukoko maishani mwao.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya hakimu. Akasema Jumamosi anaolewa Hafsa, binti wa Mzee Boga, kule shambani kwa babake nyuma ya miwa ya Ramisi. Akanikumbusha hitima ya mwezi uliopita, nilivyokwama kwenye njia hiyohiyo, watu wakamwombea marehemu kwa mahamri baridi. Kana kwamba mvua niliileta mimi! Kisha akatoa hukumu: masufuria yasipofika Ijumaa kabla ya Magharibi, kwa gari langu na bila vituko, kazi anapewa Kombe.

Kombe! Dereva wa trekta la miwa. Mpole, mcheshi, anapendwa na kila mtu. Simpendi kabisa.

Nahitaji tairi za matope.

Jumanne, 7 Mei

Ukunda, dukani kwa Feisal, muuza tairi. Kazaliwa Tiwi, lakini siku hizi anazungumza kama aliyeshuka asubuhi kwenye treni ya kutoka bara. Aliniita buda, yaani mzee, mara kumi na nne. Nilihesabu.

Alinionyesha tairi za lami, tairi za katikati na tairi za matope zenye meno ya kutisha. Akasema kwa pikapu ndogo nichukue nyembamba, za kipimo changu, kwa kuwa nyembamba hukata tope mpaka chini kwenye udongo mgumu. Pana huelea juu ya tope, tena husugua madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu. Akasema ikiwa nina uwezo wa mbili tu, nizifunge kwenye magurudumu yanayovuta gari. Na nikifika topeni nipunguze upepo.

Asante sana, profesa.

Akauliza kama pikapu inavuta mbele. Nikasema inavuta. Ukweli ni kwamba propela ya mbele niliiuza mwaka juzi, na tangu hapo gari husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Hayo ni mambo ya ndani. Hayazungumzwi na muuza tairi.

Nilichagua pana kuliko zote. Zina kichwa cha nyati ubavuni! Nani anunue nyembamba, zilizoandikwa namba tu, wakati yupo nyati? Tumebadilishana: yeye kachukua tairi zangu mbili za mbele, ile ya akiba, na vioo vyote viwili vya pembeni. Vioo vya nini? Mimi naenda mbele.

Nikamwambia azifunge mbele. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika. Bi Twaiba hukaa barazani akitazama barabara, na gari likija, linaonekana mbele kwanza. Hiyo inaitwa akili.

Jumatano, 8 Mei

Kasoro ndogo. Nikikata usukani kulia, nyati anatafuna madigadi. Kushoto hakuna shida. Basi nakata kushoto tu. Kwenda msikitini, ambako ni kulia, nakata kushoto mara tatu na kupita uani kwa watu wawili. Mmoja kashazoea.

Mke wangu Mwanasha alilizunguka gari, mikono kiunoni. Akasema limevaa buti mbele na malapa nyuma. Akauliza si magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Akasema sawa, mtaalamu, akaenda kuanua nguo.

Jumla ya watoto waliokuja kugusa meno ya tairi: tisa. Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nioe.

Alhamisi, 9 Mei

Majaribio. Nilipita mbele ya baraza ya Bi Twaiba mara nne. Kwenye lami tairi hizi zinanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Mara ya nne akamtuma mtu aje kuniuliza kama nina haja naye.

Jioni nikatafuta tope la kweli. Nikaingia. Nikatoka! Ni kweli pale palikuwa na mteremko, lakini mteremko nao ni sehemu ya njia.

Kombe alikuwa akipita na trekta. Akasimama, akanisalimu kwa adabu, akazisifu tairi. Kisha akasema yeye naye kaalikwa arusini na atakuwa huko tangu Ijumaa mchana, na akanipa mnyororo wake mnene niubebe, kama tahadhari tu. Tahadhari! Mtu akibeba mnyororo keshakiri kwamba atakwama. Nikamwambia akae nao, atauhitaji mwenyewe. Akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika na vidole vina tope.

Baada ya swala tulipakia masufuria, magunia mawili ya mchele na mikeka. Bi Twaiba akasema atakuja nami, awe shahidi. Akakaa mbele na tasbihi mkononi, na mwiko mkubwa magotini.

Njia ya kwa Mzee Boga inaachana na lami upande wa kulia. Hilo nilikuwa nimelisahau. Ikabidi niipite, niingie uwanja wa mpira ulio upande wa pili, nizunguke kushoto, kushoto na kushoto, halafu niikate lami moja kwa moja. Kulikuwa na mechi. Mechi ikasimama. Mwamuzi alinionyesha kadi ya njano. Tasbihi ya Bi Twaiba ilianza kwenda mbio.

Kisha tope jeusi la Ramisi. Kupunguza upepo? Nilikuwa nimeongeza, nyati atune vizuri. Hatua mia mbili za mwanzo tulikwenda kifalme. Halafu magurudumu ya mbele yakatulia topeni, mazuri, mapana, yasiyofanya kazi yoyote, na malapa ya nyuma yakazunguka papo hapo kwa bidii ya kusikitisha. Nikakanyaga mafuta. Nyuma ikateleza, ikaja mbele, na gari likageuka zima likatazama Msambweni. Sufuria moja likaruka chini likakaa wima, likaanza kukinga mvua.

Bi Twaiba akashuka. Akakunja buibui, akaushika mwiko kama bakora, akaanza kwenda kwa miguu. Nikamwita. Nikamwambia ni dakika tano tu. Hakugeuka. Hapo niliogopa, kwa kweli. Miaka sita ya ukoko ilikuwa ikiondoka mbele yangu.

Alirudi amekaa kwenye trekta. Kombe akaufunga mnyororo nyuma ya pikapu, kwa kuwa nyuma ndiko kulikoelekea shambani, akavuta. Nimeingia arusini kinyumenyume. Wanawake walipiga vigelegele wakidhani ni aina mpya ya mbwembwe. Masufuria yalitua chini ndipo adhana ya Magharibi ikasikika. Kwa wakati! Nilimwambia Bi Twaiba kwamba ahadi ni ahadi. Alinitazama kama anayetazama nzi kwenye maziwa.

Jumamosi, 11 Mei

Hafsa kaolewa. Pilau tamu.

Sufuria kubwa lilipokwanguliwa, Bi Twaiba alichukua sahani, akajaza ukoko wote, akapita mbele yangu. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono! Akamtengea Kombe. Watu wote wakaona. Mzee Boga akaona. Nikajifanya nilikuwa najinyoosha mgongo.

Kombe akaja, akaugawa ukoko nusu, akaniletea. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimekula kitu. Harufu yake bado iko puani.

Jumapili, 12 Mei

Bi Twaiba ana huruma kidogo, kumbe. Kaniambia Jumamosi ijayo kuna hitima nyingine, njia hiyohiyo. Nizifunge tairi za matope nyuma, kama mtu mwenye akili zake, na nitapewa nafasi ya mwisho. Mwanasha naye kasema hivyohivyo. Hata Kombe kajitolea kuja na jeki yake, tuzihamishe sote kwa nusu saa.

Kila mtu ni fundi.

Nimekaa kutwa nzima nikifikiri, na nimeona jambo ambalo wote hawakuliona. Ijumaa nilikwama wakati gani? Nilipokuwa nikienda mbele. Na nilifika wakati gani? Nilipokuwa nikienda kinyumenyume! Basi siku ya hitima nitaendesha kinyumenyume tangu mlangoni kwangu mpaka Ramisi. Tairi zenye meno zitakuwa nyuma, kama wanavyotaka, bila ya kufungua hata nati moja. Tena kule mtu hukata kulia, na nikiwa nimegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Madigadi yamesalimika!

Kimebaki kitu kimoja tu. Kurudi nyuma safari yote hiyo kunataka vioo vya pembeni. Feisal bado hajaviuza, nimeshampigia simu. Kesho asubuhi nakwenda Ukunda kubadilishana naye. Nitampa zile tairi mbili za nyuma, maana sasa hazina kazi.