Ombi la Kuongezewa Ukuta

Kwako Shangazi, mgawaji wa mali ya marehemu kaka yako,

Salamu kwa heshima. Ulipotuketisha mimi na Dada, ukaamua kila kitu cha chumba cha ushonaji cha Baba kikatwe katikati tusije tukagombana, nilishukuru, maana heri nusu shari kuliko shari kamili. Sasa nina malalamiko.

1. Cherehani. Mimi nimepata kichwa, Dada kapata miguu. Kutwa nazungusha gurudumu kwa mkono, naye ng'ambo ya pili anakanyaga hewa, eti miguu isishike kutu.

2. Mkasi. Kila mtu na upande wake. Wangu naumenyea viazi. Wake sijui, hatusemeshani.

3. Chumba. Mstari wako wa chaki umempa Dada mlango, mimi dirisha. Nimeshazoea kupanda. Wateja bado, hasa yule muuza magodoro mwenye kitambi, ambaye ilibidi majirani wamvute.

4. Suruali ya bwana huyohuyo. Kwa haki kabisa, mguu wa kulia kashona Dada kwa sindano ya mkono, wa kushoto mimi, bila kuulizana vipimo. Akiivaa anatembea kama anayepanda ngazi. Keshokutwa anaoza binti, na ameapa kututangaza mtaa mzima asipopata suruali ya maana. Akifanya hivyo, tumefunga duka la Baba.

Kosa lako basi, Shangazi, si kugawa bali kuishia njiani. Naomba ukuta wa matofali mpaka darini. Naomba wateja wagawanywe, wanene kwake, wembamba kwangu. Naomba hata Baba agawanywe: ukali wake auchukue Dada, huruma yake niachiwe mimi. Na wewe pia, usinielewe vibaya: mawaidha yako yaende kwake, mapishi yaje kwangu.

Wasalimie binamu zangu wote, na mtoto mchanga mbusu mashavu yote mawili.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Fundi wa Dirishani

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Dada kavuka mstari akiburuta miguu ya cherehani, kwa ajili ya ile suruali. Tumeunganisha. Yeye akakanyaga, mimi nikaongoza kitambaa, vile Baba alivyotufundisha utotoni, wakati miguu yangu haifiki chini. Kumbe hakuna kati yetu aliyewahi kushona vizuri peke yake. Suruali imekaa sawasawa. Nikamtazama Dada, nikalia, naye akalia. Nilikuwa nimemkumbuka mno, Shangazi, na kumbe yuko hapahapa. Matofali usiyatume.