Nabiha Kaongeza Cheti

Mbarak, ambaye wenzake humwita Spika kwa sababu hata siri huitoa kwa sauti ya mkutano wa hadhara, aliwasili kwenye benchi la kahawa la Bibi Mabruka, chini ya ofisi za mawakili pale tao, katikati ya mji, simu kaiinua juu.

"Sikieni! Kuna chuo kimeleta cheti kipya. Cha sheria na akili bandia. Unasoma wikendi moja tu, halafu kazi inakutafuta yenyewe!"

"Itatupata kweli?" Mabruka akauliza, akisuuza vikombe. "Mtaa wa Kinoo tumehamia juzi tu."

Alikuwa akimsemea mjukuu wake, Nabiha, aliyeketi papo hapo na faili nene kama godoro mapajani. Digrii ya sheria anayo. Vyeti, mashallah. Kazi ndiyo hakuna.

"Nitakichukua hicho, Bibi. Labda ndicho wanachongoja."

"Kama walivyongoja cha usuluhishi. Na kile kingine kilikuwa cha nini?"

"Uongozi."

"Ehe. Unamwongoza nani, paka?"

"Wacha mtoto asome bana!" Spika akamtetea. "Cheti kinaonyesha bidii."

"Bidii ya wenye chuo. Si unaona ghorofa lao?"

Hapo akateremka Wakili Kimanzi, jina la kijiweni Muhuri, kwani kila anayetarmaki hapa mjini akisaka ajira humpelekea nakala za vyeti azigonge muhuri kabla ya kuombea kazi. Akanyoosha mkono apewe kikombe. Mabruka akalifunika birika kwa leso.

"Muhuri, vyeti vya huyu mtoto ni vya kweli?"

"Kabisa! Si nimevigonga mwenyewe?"

"Na unatafuta msaidizi?"

"Tangazo liko mlangoni, Bi Mabruka. Lakini nataka mwenye uzoefu."

"Uzoefu! Mtoto ameshinda ofisini kwako akingoja muhuri mpaka wateja wanamwachia faili zao. Jana kazipanga nani?"

"Yeye," Kimanzi akakiri, macho kwenye birika. "Na alizipanga vizuri."

"Kumbe wakili anafanyisha watu kazi bure!" Spika akasimama juu ya benchi. "Hii lazima tao nzima isikie!"

"Shuka, Spika! Basi... Nabiha, kesho uje uanze."

Leso ikatoka. Mabruka akamjazia Kimanzi kikombe mpaka ukingoni. Nabiha akaikumbatia faili yake.

Kimanzi akapiga funda, akakohoa, akakumbuka yeye ni nani.

"Ila utaratibu ni utaratibu. Uje na nakala za vyeti, zimegongwa muhuri."

"Si hizi hapa? Umezigonga wewe!"

"Hiyo ndiyo shida, binti yangu. Sasa mimi ni mwajiri wako, siwezi kujithibitishia. Tafuta wakili mwingine azigonge."

Mabruka akamnyang'anya kikombe kikiwa nusu.