Umeme Uliozama Kwenye Karatasi

Jumatatu, 4 Machi

Mwezi mzima tangu tumzike mume wa shangazi, mpiga picha. Studio yake, chumba cha mbele, haina kazi tena. Shangazi anataka kumpa binamu aweke cherehani. Cherehani! Na mimi fundi redio nafanyia kazi barazani, mvua ikinyesha naifunika meza kwa mwavuli. Lakini dawa ipo. Binamu anaogopa hata kivuli chake.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua taa ya flashi ya marehemu. Ndani mna kapasita, kitunza umeme, kubwa kama kopo la maziwa: foili mbili zimeviringwa pamoja, katikati karatasi yenye mafuta. Umeme unalundikana kwenye foili moja, unavutwa na ya pili, njia ya kupita haupati. Unangoja. Nikaijaza, nikachomoa plagi, nikapitisha waya wa kufyatulia hadi jikoni.

Saa nane mchana binamu akaingia na futi kupima ukuta. Nikafyatua. Chumba kikawa cheupe hadi chini ya mlango.

Hakukimbia. Nilimsikia akisema taratibu, "Shikamoo, mjomba." Kisha akaenda kumwambia shangazi kuwa marehemu amempokea. Kapewa ufunguo papo hapo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeingia kuondoa ushahidi. Nikagusisha bisibisi kwenye ncha mbili za kapasita, ikalia pa. Mita ikasoma sifuri. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, mshale umepanda. Plagi iko sakafuni. Nikaimaliza tena. Mshale ukapanda tena, polepole, kama mtu anayepanda ngazi pekupeku. Nikajiambia mita ni mbovu. Nikashika kwa mkono.

Shangazi alinikuta chali. Nikasema nimeteleza. Akasema marehemu alikuwa akifunga waya kwenye ncha zote mbili na kuuacha humo, maana umeme huzama ndani ya karatasi. Ukiumaliza wa juu, wa ndani unarudi. Kisha akauliza, "Jana nani aliijaza?"

Nikasema sijui.

"Basi ni yeye," akasema, akaketi kwenye kiti cha wateja.

Alhamisi, 7 Machi

Shangazi yuko kwenye kile kiti tangu asubuhi. Amejipaka poda. Hali, hanywi, anaitazama taa. Nilitaka kusema kweli, maneno yakafika kwenye meno. Ndipo akasema taa ikiwaka tena atamuuliza marehemu chumba ni cha nani hasa. Nikameza.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi, shangazi alipoenda kuoga, nimefunga waya kwenye ncha, nikaing'oa kapasita, nikaileta barazani kuipima. Taa imebaki ganda tupu. Nilikuwa nimeishika kapasita mikononi pale dirisha la studio lilipogeuka jeupe.

Nikakimbia ndani. Shangazi alikuwa amerudi kitini, anatabasamu, mashavu yamelowa. Kwenye taa hamna kitu. Nimepapasa mara tatu.

Akasema amemuuliza na kajibiwa. Chumba ni cha binamu. Na mimi niache kuchezea vitu vya watu.

Hata hivyo, marehemu alikuwa mtu wa kubembelezeka. Nimepata kapasita mbili za mashine ya kuchomelea. Jumatatu naziunganisha kwenye taa, aulizwe tena.