Kitabu cha Tajiri wa Simenti

Profesa alikuwa kwa kinyozi, povu limemjaa kidevuni, alipomsikia tajiri wa simenti akinung'unika kwenye kiti cha pili. Profesa lilikuwa jina la mtaani tu. Chuo alichosoma hakuna aliyekijua, na yeye mwenyewe hakuwa na haraka ya kukijua.

"Hata mfuga kuku ametungiwa kitabu cha maisha yake," tajiri alimwambia kinyozi. "Mimi niliyejenga nusu ya mji huu sina hata ukurasa."

Profesa akajifuta povu. Kitabu cha mfuga kuku alikitunga yeye, na bado kilikuwemo kwenye laptopu yake, kimelala bure.

"Bosi, mtu wa hadhi yako haandikwi na yeyote tu," alisema. "Niachie mimi."

"Utanisumbua kwa maswali?"

"Hata moja."

Tajiri aliipenda sana heshima hiyo. Wakakubaliana kwamba Profesa agharimie uchapaji kwanza, kisha siku ya uzinduzi arudishiwe gharama zake pamoja na malipo manono.

Kazi yenyewe aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Aliandika mstari mmoja wa msimbo kuiamuru kompyuta: kila penye *kuku*, weka *simenti*. Jina la mfugaji nalo akalibadilisha vivyo hivyo. Akasoma sentensi ya kwanza, "Nimependa simenti tangu utotoni," akaridhika, akapeleka kwa mchapaji.

Sasa, kompyuta ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Haimjui kuku, inajua k, u, k, u zikifuatana. Na herufi hizo, Mungu atuhurumie, zimejaa tele kwenye midomo ya watu wanaopendana.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika mafundi, wakandarasi na jamaa. Tajiri alimpa shemeji yake, mwalimu mstaafu, asome sura ya uchumba. Mke wa tajiri aliketi mbele, leso mkononi, tayari kwa machozi.

Shemeji akavaa miwani. "Nilimwambia: Binti, nimejaribu simentisahau, nimeshindwa. Nimekuja simentichumbia. Siku zote nitazidi..." Akakisogeza kitabu karibu na macho. "Nitazidi simentipenda. Kesho yake, kwa furaha, simenti wangu wote wakataga."

Profesa, aliyesimama nyuma kabisa, akaanza kuutafuta mlango kwa mgongo.

"Baba watoto," mke aliuliza taratibu, "nini kilitaga?"

Mkandarasi mmoja akapasuka kwa kicheko, wengine wakamfuata. Tajiri alitokwa jasho. Lakini hakuuza mifuko miaka yote hiyo kwa kukosa maneno. Akasimama.

"Wenzangu hupenda kwa maua, na maua hunyauka. Mimi mke wangu nilimpenda kwa simenti. Nani hapa ameona ufa kwenye ndoa yangu?"

Makofi yalitikisa viti, na vitabu vikagombaniwa. Baada ya siku chache ukuta wa duka la tajiri ulipakwa maandishi mekundu, TUTAZIDI SIMENTIPENDA, na wateja wakawa wanapiga picha kwanza, kisha wananunua.

Profesa alipouona ukuta ule, ujasiri ukamrudia. Akaingia ofisini kwa tajiri, akaiweka laptopu mezani.

"Bosi, maneno yale ni ubunifu wangu. Nimefuata malipo yangu."

"Kwa hiyo kitabu chote umekitunga wewe?"

"Neno kwa neno."

"Na simenti waliotaga?"

"Hiyo ni lugha ya picha, bosi."

"Safi. Basi mfafanulie mfuga kuku. Yuko chumba cha pili na vitabu vyote viwili, analinganisha ukurasa kwa ukurasa."

Nyuma ya ukuta, kiti kikaburutwa kwa kishindo. Profesa akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa hospitali. Alitoka bila kuaga, akakata kona ya kwanza, akakata na ya pili.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Alikuwa mke wa tajiri peke yake, kiti mkononi.

"Nani huyo aliyekimbia?"

"Mwandishi wetu," alijibu tajiri, huku akiivuta laptopu upande wake wa meza. "Ametuachia zawadi."