Bega Bovu la Marquel Gathings

Kwa heshima na taadhima, Ofisi ya Uhifadhi wa Vipaji ya Chuo Kikuu cha Brannock, Mississippi, inautangazia umma kwamba mrushaji bora kuliko wote tuliowahi kuwasajili ni kijana wa kawaida kabisa, hana ajabu yoyote, na yeyote aliyepanga kuja kumtazama asijisumbue kuchoma mafuta ya gari.

Tangazo hilo nililiandika mimi mwenyewe, Garland Tutwiler, Mkurugenzi. Nililiandika mara tisa. La kwanza lilikuwa na neno "mzuri", nikalichana.

Wapo watu wasiojua kazi yetu wanaocheka. Wacheke tu. Besiboli ya chuo ina msiba mmoja, nao huja kila Julai. Sisi tunamsajili kijana Novemba akiwa bado sekondari. Tunamlisha mbavu za kuchoma, tunamvisha kofia yetu, mama yake analia, tunapiga picha. Halafu Julai klabu za kulipwa zinakaa mbele ya televisheni na kuokota vijana kwa zamu, raundi ishirini nzima. Kijana wako akiokotwa na kuonyeshwa mamilioni, wewe unamsikia kwenye bomba. Lakini asipookotwa, akaingia kwetu, klabu hazimgusi tena kwa miaka mitatu. Kwa hiyo anayetufaa sisi ni kijana anayeweza kuwanyamazisha wapinzani wote bila mtu hata mmoja kujua kwamba anaweza.

Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ulitupotezea wachezaji watano katika mwaka mmoja. Sera ya ofisi yangu ni kukitembeza kizuri mpaka kionekane kibaya. Ndipo nikaunda Kamati ya Kutosifu, wajumbe saba, yenye orodha ya maneno yaliyoruhusiwa: "wa wastani", "anajitahidi", "ana adabu" na "kwao wanamlea vizuri". Kocha msaidizi mmoja alimwona Marquel Gathings akirusha mpira kwa mara ya kwanza, akapiga ukelele, "Mama yangu wee!" Tukampa barua ya onyo. Alijitetea kwamba alikuwa anamwita mama yake kweli. Kamati iliahirisha kikao kwa wiki mbili ili kuthibitisha kama ana mama.

Aprili nilifuatana na kocha wetu mkuu, Doyle Stribling, kwenda Tolliver, mji wa mabwawa ya kambare, kumwangalia Marquel akichezea shule yake. Nyuma ya waya walikaa wasaka vipaji ishirini na wawili wa klabu za kulipwa kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na tochi ya kupimia mwendo wa mpira, kama trafiki wanaovizia mabasi. Marquel, mrefu, mwembamba, mbegu za alizeti mdomoni, alipanda kichuguu cha katikati ya uwanja. Akajikunja, akajikunjua. Mpigaji alikuwa bado anautafuta mpira kwa macho, kumbe mdakaji ameshaushika na anapuliza kiganja.

Kando yetu alikaa Rusk, mzee wa Texas aliyesaka vipaji kwa miaka thelathini. Aliangalia tochi yake.

"Maili tisini na saba kwa saa hiyo," akasema.

"Upepo," Kocha akasema.

"Upepo unampiga usoni, Doyle."

"Basi tochi yako imeingiwa na jua."

"Jua gani? Si mawingu haya?"

"Rusk, acha ubishi wa kitoto. Kijana ni wa wastani. Ana adabu."

"Nani amekuuliza adabu? Kwani namwozesha binti yangu?"

Mimi, kwa mujibu wa mwongozo wa Kamati, nikapiga mwayo. Niliupiga kwa ustadi mpaka muuza karanga za kuchemsha akaniuliza kama naumwa.

Jioni tukaenda nyumbani kwa mama yake, Bi Ernestine Gathings, ambaye amekuwa akikata minofu ya kambare kiwandani tangu Marquel ananyonya. Alitukatia keki, akatumiminia chai ya baridi yenye sukari, akakaa mbele yetu na mikono magotini.

"Kocha," akasema, "mimi mpira siujui. Najua samaki. Lakini mtoto wangu ana mkono mmoja wa kurushia, na mkono huo ndio shamba letu. Aende kwa hao wa kulipwa, au aje kwenu asome?"

"Aje asome, Bi Ernestine. Ada, chakula, malazi, mpaka vitabu. Ufadhili kamili, asilimia mia."

"Niandikie."

Kocha akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Sisi kwetu mkono ukishashikwa, neno limeandikwa."

"Sisi kiwandani mkono ukishashikwa, umekatwa. Niandikie, baba."

Niliingilia kati kwa upole, nikamweleza kwamba kuandika ufadhili kuko chini ya kamati nyingine ambayo hukutana Agosti. Bi Ernestine alinitazama kama anavyomtazama samaki aliyekaa juani.

Marquel ndiye aliyetuokoa. "Mama, mimi nitakwenda chuoni, nimeshasema. Wewe unataka nisome, nitasoma. Ila siku ile ya Julai nataka nisikie jina langu likitajwa. Wakinitaka, nikatae mwenyewe. Nijue tu kwamba walinitaka." Kisha akanigeukia. "Bwana Garland, kwani wewe unanionaje? Najiweza?"

Alikuwa na miaka kumi na minane na macho ya mtu anayetaka jibu. Nilikumbuka orodha.

"Unajitahidi," nikamwambia.

Alitazama viatu vyake mpaka tulipoondoka. Naliandika hili kuonyesha jinsi mwongozo unavyofanya kazi.

Mei mambo yakaharibika. Kijana alirusha tisini na nane. Magazeti yakaanza kusema ataokotwa raundi ya kwanza. Kocha Stribling aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Garland, tumekwisha. Mwayo wako haufanyi kazi."

"Mwayo ulikuwa hatua ya kwanza tu, Kocha."

Hatua ya pili ilikuwa barua. Niliiandika kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, nikaigonga muhuri, nikaipeleka kwa klabu zote thelathini: Ofisi hii, kwa masikitiko makubwa, imepata taarifa za kuaminika kuwa bega la kulia la kijana aliyetajwa hapo juu ni bovu. Linalia kama bawaba kavu. Hatutarajii kwamba litafika mbali. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu, chini kabisa niliandika: Nakala kwa idara zote za chuo.

Julai, siku ya kuokotwa vijana, mimi na Kocha tulikaa ofisini na keki yetu. Raundi ya kwanza ikapita, jina halikutajwa. Kocha akanikumbatia. Ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Ilipokwisha ya ishirini tulikuwa tunacheza. Katika historia ya Chuo Kikuu cha Brannock hakuna kijana wa kiwango kile aliyewahi kudharauliwa kwa ukamilifu namna ile.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Ernestine, anapiga kutoka ukumbi wa kanisa lao, ambako ukoo mzima ulikaa mbele ya televisheni na nguo za Jumapili.

"Bwana Garland, klabu kumi na nane zimetupigia simu. Zote zinauliza bega. Nimempeleka kliniki, daktari kasema bega zima. Wao wanasema barua ya chuo kikuu ina nembo, ya kliniki haina. Mwanangu hajawahi kuumwa bega tangu azaliwe."

"Hongera sana, Bi Ernestine. Sasa ni wetu."

"Mtoto amekaa kule nyuma ya jiko, anajiminya bega. Ananiuliza, 'Mama, bega langu lina nini ambacho mimi sikijui?' Nimjibu nini?"

Nilimshauri amjibu kwamba anajitahidi. Akakata simu. Nikiri kwamba keki haikushuka vizuri baada ya hapo, lakini nilimlaumu mpishi.

Agosti ikafika, Kamati ya Ufadhili ikaketi. Nilipeleka jina la Marquel Gathings, asilimia mia. Likarudi na asilimia ishirini na tano. Nikadhani ni kosa la karani, kumbe karani hana kosa: kanuni inakataza ufadhili kamili kwa mchezaji mwenye bega bovu, na katika faili lake kulikuwa na barua nzito, ya kitaalamu, yenye muhuri. Daktari wa chuo, ambaye hajawahi kumwona kijana, alikuwa ameisoma akaongeza kwa mkono wake: Nakubaliana.

Nilikwenda mbio kwa Rais wa Chuo, Dakta Lucius Prentiss, mtu anayependa mezani kwake pasiwe na kitu.

"Mheshimiwa, ile barua ya bega haikuwa na ukweli."

"Haikuwa na ukweli kivipi?"

"Niliitunga. Kwa maslahi ya chuo."

Dakta Prentiss alifikiri. "Tutwiler, je, chuo hiki kinaweza kusema uongo kwenye karatasi yenye nembo?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi bega ni bovu. Mpe kijana pole zangu."

Kesho yake Bi Ernestine alikuja ofisini kwangu moja kwa moja kutoka zamu, na mabuti yake ya mpira, anatoa harufu ya kambare. Kocha Stribling alikuwepo. Bi Ernestine hakuketi alipokaribishwa.

"Robo," akasema. "Mlinishika mkono kwa asilimia mia, mnaniletea robo. Haya. Sikuja kugombana. Nina swali moja. Bega la mwanangu ni zima au ni bovu?"

Kocha akanitazama. Mimi nikaitazama dari.

"Kama ni zima," akaendelea, "nipeni karatasi yenye nembo iseme kwamba ile barua ni uongo, niipeleke klabu zote thelathini. Kama ni bovu, kanuni yenu, nimeisoma mwenyewe, inasema mchezaji mgonjwa anaachiliwa bila masharti. Niandikieni mojawapo. Leo naondoka na karatasi."

Kocha aliniita pembeni. "Fanya kitu, we mtu wa barua!"

"Tukisema ni zima, tumekiri uongo, na Rais ameshaamua kwamba hatusemi uongo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni bovu."

Nikaandika barua ya kumwachilia, nikagonga muhuri. Bi Ernestine aliisoma mstari kwa mstari huku midomo yake ikicheza, akaikunja, akaitia kifuani. "Asante," akasema. "Mmeanza kuandika."

Kijana akaenda chuo kidogo cha miaka miwili, maili ishirini kutoka kwetu, ambacho uwanja wake una waya upande mmoja tu. Katika ripoti yangu niliandika kwamba ofisi imefanikiwa kupunguza mzigo wa majeruhi. Jambo moja halikuingia katika ripoti kwa kukosa nafasi: mchezaji wa chuo cha namna hiyo hasubiri miaka mitatu. Klabu zinaweza kumwokota Julai inayofuata.

Oktoba tukacheza nao mechi ya kirafiki. Rais alialika wafadhili wakubwa, wenye benki na mashamba ya pamba, waone walichojengea viti vipya. Marquel alipanda kichuguu chetu. Wapigaji wetu tisa wa kwanza walirudi kukaa mmoja baada ya mwingine bila kuugusa mpira, na mmoja wao aliomba kuangaliwa macho. Yule kocha msaidizi wa barua ya onyo alisikika akimwita mama yake tena, na safari hii hakuna aliyemwandikia.

Nyuma ya waya Rusk alinyanyua tochi yake ili nione. Tisini na tisa.

"Garland," akaniita, "mimi nilijua. Mabosi wetu ndio wanaosoma barua. Sasa wametutuma sote kwako. Wanauliza, chuo chenu kina wabovu wengine?"

Nilipogeuka niliwaona wenzake kumi na wanane nyuma yake, daftari mkononi, wananisubiri.

Kabla sijajibu, Dakta Prentiss alinivuta mkono mbele ya wafadhili. "Tutwiler! Huyu kijana ni nani? Kwa nini hayuko kwetu?"

"Ni wa wastani, mheshimiwa," nikasema, kwa mazoea. "Ana adabu."

"Mama yake yuko wapi?"

Mfadhili mmoja alimwonyesha. Bi Ernestine alikuwa amekaa safu ya mbele, mguu juu ya mguu, anatafuna karanga. Dakta Prentiss alimwendea huku anatabasamu kama siku ya mahafali, na sisi sote nyuma yake.

"Mama Gathings, chuo chetu kinamtaka mwanao. Ufadhili kamili, kuanzia Januari. Tena sitaki mambo ya mdomo mdomo. Huyu hapa Bwana Tutwiler, mkurugenzi wetu, atakuandikia barua sasa hivi."

Bi Ernestine alinitazama. Akaitazama kalamu katika mfuko wa shati langu.

"Hapana, baba, nakuomba," akamwambia Rais. "Mara ya kwanza kaandika, kaharibu bega. Akiandika tena, huyu atamvunja mwanangu mguu."

Wafadhili walicheka mpaka mmoja akadondosha kofia. Rais alicheka pia, kwa sababu wafadhili walikuwa wanacheka. Kule uwanjani Marquel alisikia kicheko, akageuka, akamwona mama yake anacheka, akacheka naye, na akarusha mpira wa mia moja kamili.

Dakta Prentiss alinyoosha kiganja bila kunitazama. "Tutwiler," akasema, "nipe kalamu yako."

Nikampa, akaitia mfukoni mwake. Nilidhani anataka kuandika kitu.