Ombi la Kusogeza Mbele Majira ya Joto

Jengo la Tatu, Nyumba 402,
Yeongdo, Busan.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,
Ndugu Heo Gil-do.

YAH: KUHAMISHIWA UZITO WA MUME BILA RIDHAA YANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, pamoja na shukrani kwa taa ya ngazini mliyotutengenezea. Mimi ni Gu Mal-sun, mke wa Tak Sang-geun, aliyekuwa mwendesha kreni bandarini. Unanifahamu. Ndimi yule uliyemwandikia kuhusu mitungi ya kabichi ya kimchi iliyoziba njia. Mitungi niliiondoa siku hiyo hiyo, kwa hiyo asije mtu akasema mimi ni mgomvi wa kamati.

Tangu maua ya machipuko yalipochanua, kamati yako imekuwa ikituamsha alfajiri kwa kipaza sauti: "Majira ya joto yanakuja! Tujiweke sawa kabla ya kwenda ufukweni!" Mume wangu aliposhuka siku ya kwanza nilidhani amesikia kuna kitu kinagawiwa. Mwenyekiti, hajarudi mpaka leo. Anayerudi nyumbani ni mtu mwingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chakula. Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu amekula nilichopika na kurudisha sahani safi kama imeoshwa. Sasa anakula kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, na kiazi kitamu kimoja. Siku yake ya kuzaliwa nilimchomea nyama ya nguruwe, ile ya tumboni yenye mafuta, nikaipanga na majani na vitunguu saumu. Akaitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu. "Kula wewe, Mama Seon-ju," akasema, "mimi nitanusa." Akanusa kweli. Sasa nyama nzuri namna ile mtu anaitupaje? Nilikula yangu, nikala na yake, na mambo yameendelea hivyo hadi leo. Nasikia kamati inajisifu kwamba wakazi wamepunguza kilo. Hazijapungua, Mwenyekiti. Katika nyumba 402 zimehama tu, kutoka upande mmoja wa kitanda kwenda upande wa pili.

2. Lifti. Hapandi tena. Mimi nina goti bovu, kwa hiyo napanda peke yangu kama mjane, na nikifika namkuta mlangoni ameshavua viatu. "Ulikuwa wapi siku zote?" ananiuliza, huku anahema kama birika.

3. Bi Pyo wa ghorofa ya kumi na moja, anayeongoza mazoezi. Sina neno baya juu yake. Ni mwanamke wa heshima, mwenye sauti kubwa, aliyefiwa na mume. Lakini alisema mbele za watu, "Shemeji, mgongo wako umenyooka kama wa askari!" Wale wanawake wa benchi la uani wakanigeukia mimi. "Mama Seon-ju, huyu kijana umempata wapi? Yule mzee umemuuza?" Nilicheka nao. Jioni ile supu niliitia chumvi mara mbili.

4. Mchele. Jumapili moja nilimwona anatoka na gunia la mchele begani. Nikamuuliza analipeleka wapi. "Mazoezini," akajibu. Nani anakwenda mazoezini na mchele? Mawazo yangu yakapanda moja kwa moja hadi ghorofa ya kumi na moja. Nikachukua fimbo yangu, nikamfuata. Hakwenda kwa Bi Pyo. Alikwenda kilimani, kwenye ngazi za hekalu. Nilipofika nilimkuta anazishuka, mchele uko mgongoni, ameufunga kwa mbeleko. Ni mbeleko ile ile tuliyombebea binti yetu Seon-ju, yenye maua ya njano. Watawa wawili walikuwa wameacha kufagia wanamtazama.

"Baba Seon-ju, una wazimu?"

"Nafanya mazoezi."

"Na mchele?"

"Mchele ni wewe."

Ilinibidi nitafute pa kukaa. Mwenyekiti, mimi nilizaliwa Hwangae, kijiji kilicho juu ya jabali. Bahari iko chini, na njia ya kuifikia ni ngazi za mawe, nyembamba, ambazo ukizitazama kutoka juu huoni zinapoishia. Mama yangu alikuwa mpiga mbizi. Alizishuka ngazi hizo kila asubuhi na kikapu chake mkononi, nami mgongoni mwake, kabla sijajua kutembea. Tangu goti liharibike sijashuka hata mara moja. Siku ya Mwaka Mpya, tukiwa mbele ya televisheni, nilisema tu, wala si kwa mtu yeyote, kwamba natamani kutia miguu kwenye maji yale. Nilidhani mwenzangu amesinzia. Kumbe alisikia. Na kipaza sauti chako kilipotangaza watu wajiweke sawa kwa ajili ya ufukwe, yeye akaona anaambiwa yeye. Kila wiki anaongeza mchele. Ukifikia uzito wangu, ataniteremsha.

5. Sasa hapa ndipo penye balaa. Uzito anaoujua yeye ni wa mwaka jana. Yeye asipokula, mimi nakula cha watu wawili. Yeye anaongeza mchele, nami naongezeka. Tunakimbizana, na kwa jinsi anavyojinyima naona mimi ndiye nitakayeshinda. Kila mara ananiuliza kwa upole, "Uzito wako ni ule ule?" Nami nasema, "Ule ule." Ningejibu nini? Nikimwambia ukweli atabeba ghala zima, na mgongo anaousifu Bi Pyo si wa kijana. Juzi alijaribu kuninyanyua sebuleni. Aliinuka hadi nusu, akabaki pale kwa muda kama mtu aliyesahau neno, kisha akanirudisha kwenye kochi taratibu. "Ni hii sakafu," alisema, "inateleza." Hakuna aliyecheka.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, kamati itoe agizo kwamba Tak Sang-geun ale fungu lake la chakula mbele ya mashahidi. Hilo likishindikana, basi majira ya joto yasogezwe mbele hadi majani yatakapoanza kuwa mekundu, ili nipate nafasi ya kurudi kwenye uzito nilioutaja. Najua kamati haina mamlaka juu ya jua. Lakini ninyi ndio mliotutangazia kwamba linakuja. Anayetangaza ujio wa mgeni hashindwi kumwomba asubiri nje kidogo wenyeji wavae.

Msalimie mkeo, mlinzi wa getini, na wanawake wote wa benchi. Bi Pyo pia msalimie. Mwambie ule mgongo nimeshajua unanyooshwa kwa ajili ya nani.

Ni mimi jirani yako, mwenye adabu na njaa kiasi,

Gu Mal-sun

N.B. Barua hii ilikaa juu ya friji nikitafuta bahasha, na sasa ombi langu naliondoa. Joto limewahi. Seon-ju alitupeleka Hwangae kwa gari lake. Baba yake akachuchumaa juu ya ngazi, akanifunga mbeleko, wote wawili tunaona haya kama maharusi, akanyanyuka. Alisimama njiani mara nyingi, akaguna, akaniita majina yasiyoandikika kwa mwenyekiti, lakini hakuniweka chini mpaka maji yalipomfika kwenye vifundo. "Mama Seon-ju," alisema alipopata pumzi, "mimi nilijizoeza na wewe wa mwaka jana." Nikamwambia huyo tumemwacha nyumbani. Maji yalikuwa ya baridi kama nilivyoyaacha. Nililia kidogo. Akasema ni chumvi.

Kupanda tulipanda na kitoroli. Kiko kitoroli cha mota kinachopita kwenye reli kando ya ngazi, cha kupandishia vikapu vya mwani, na wazee wa kijiji wanashuka na kupanda nacho kila siku. "Hiki kimewekwa lini?" mume wangu aliuliza, jasho bado linamtiririka. Mama anayekiendesha akafungua mdomo. Nikamwahi: "Asubuhi hii." Akanitazama mimi, akaitazama mbeleko, akaufunga mdomo wake.

Kwa hiyo mazoezi yaendelee, Mwenyekiti, na barua hii tafadhali usimwonyeshe mume wangu. Habari za kitoroli binamu yangu alinipigia simu kunieleza tangu mwezi wa nne. Lakini nilikuwa nimeshamwona na ule mchele mgongoni.